Kufika Bayreuth kwa treni: mwongozo wa mgeni wa mara ya kwanza, na stesheni yenyewe ilivyo

Kila mwaka maswali ni yaleyale. Septemba huanza wanafunzi wapya wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani. Likikaribia kongamano la Kiswahili linalofanyika chuoni hapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wanafuata watoa mada kutoka Dar, Zanzibar, Nairobi na kwingineko. "Nikishuka Frankfurt napanda treni gani?" "Mbona naona treni za kasi, ICE, zinakwenda kila mahali ila Bayreuth?" "Stesheni kuna mtu wa kumuuliza?" Nimejibu kwa ujumbe wa sauti mpaka koo limekauka. Sasa nayaandika, na atakayeniuliza tena nitamtumia haya.

Kwanza jina. Linatamkwa "Bairoit", mkazo mwishoni. Ukilitaja harakaharaka kwa wakala wa ndege, anasikia Beirut, na Beirut iko Lebanon. Mwandikie kwa herufi.

Kwa nini hakuna treni ya moja kwa moja

Nadharia ni hii moja tu, na ukiishika mengine yatajieleza: reli kuu iliupita mji huu pembeni.

Reli ya kwanza ya garimoshi nchini Ujerumani ilifunguliwa Desemba 1835 kati ya Nürnberg na Fürth, jirani kabisa na huku. Ufalme wa Bavaria ulipojenga reli yake ndefu kutoka Lindau kusini hadi Hof kaskazini, njia ikapita Bamberg, Lichtenfels na Kulmbach, ikafika Neuenmarkt na kupanda mlima kuelekea Hof mwaka 1848. Bayreuth, mji uliowahi kuwa makao ya watawala wa eneo zima, ukabaki kama kilomita 20 pembeni, unausikia mluzi kwa mbali. Wenyeji hawakukubali. Mji ukagharamia kipande chake wenyewe mpaka Neuenmarkt, ukakikodisha kwa serikali, na treni ya kwanza ikaingia Bayreuth tarehe 28 Novemba 1853.

Mwaka 1863 ikaja reli ya kutoka Weiden, upande wa mashariki. Mwaka 1877 kikafunguliwa kipande cha kutoka Schnabelwaid, na hicho ndicho kitakachokuleta wewe leo kutoka Nürnberg. Mwaka 2001 mji ulionja ICE: zilikuwa ICE za dizeli, zikipita hapa kati ya Nürnberg na Dresden. Hazikudumu miaka mingi. Kisha Desemba 2017 ikafunguliwa reli mpya ya kasi ya Berlin na München kupitia Erfurt na Bamberg. Mji ukapitwa pembeni kwa mara ya pili.

Kwa hiyo usihangaike kutafuta treni ya moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Haipo. Utabadilisha treni, na kwa wengi mahali pa kubadilisha ni Nürnberg.

Andaa haya kabla ya kuondoka nyumbani

- Programu ya DB Navigator, ya shirika la reli la Ujerumani, kwenye simu, umeshafungua akaunti. Usingoje kufika.
- Kadi ya benki inayokubali malipo ya nje. Ijaribu kabla ya safari, maana benki nyingi za kwetu hutaka uombe kwanza ndipo wafungue malipo ya mtandaoni.
- Euro taslimu kidogo, noti za 5, 10 na 20. Noti kubwa mashine nyingi hazizitaki.
- Pasipoti, na jina kwenye tiketi liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti.
- Tiketi iliyohifadhiwa kwenye simu kwa namna isiyohitaji intaneti, au iliyochapwa. Simu ikizima chaji, mkaguzi hatakuwa na la kukusaidia.
- Begi unaloweza kulinyanyua mwenyewe. Hakuna wapagazi. Mchele, unga wa sembe na dagaa nimebeba hata mimi, ila ukileta kilo 46 kwa mabegi mawili, jua kwamba wewe ndiye utakayeyapandisha kwenye behewa, huku mkono mmoja umeshika simu.
- Koti. Hata Oktoba.

Hatua kwa hatua

1. Jua unashukia wapi, uhesabu saa.

Ukishukia Frankfurt, ICE mpaka Nürnberg ni kama saa mbili na nusu, halafu treni ya mkoa mpaka Bayreuth kama saa moja. Pamoja na kungoja, hesabu saa nne. Ukishukia München, unapanda S-Bahn, treni ya mjini, mpaka stesheni kuu ya mji kwa kama dakika 40, kisha ICE mpaka Nürnberg kwa saa moja na kitu, kisha ileile treni ya mkoa. Ukishukia Nürnberg kwenyewe una bahati: treni ya chini ya ardhi U2 inakufikisha stesheni kuu baada ya dakika 12 hivi. Kutoka Berlin, ICE mpaka Nürnberg ni kama saa tatu.

2. Kata tiketi moja ya safari nzima.

Hapa ndipo watu wengi wanapochomwa. Mtu anaona ICE ya Frankfurt kwenda Nürnberg kwa bei nafuu, anaikata. Baadaye anakata nyingine ya Nürnberg kwenda Bayreuth. ICE ikichelewa, hizo ni safari mbili zisizojuana, na haki zako zinapungua. Andika "Frankfurt Flughafen" hadi "Bayreuth Hbf" kwenye utafutaji mmoja, ulipie tiketi moja. Treni ya mkoa inakuwa imo ndani yake.

Majina ya bei yatakuchanganya, kwa hiyo yashike hivi. *Sparpreis* na *Super Sparpreis* ni bei za kuwahi: nafuu, lakini zimekufunga kwenye ICE ileile uliyoichagua. *Flexpreis* ni ghali, ila unapanda treni yoyote ya siku hiyo. Anayetoka kwenye ndege asikate Sparpreis ya dakika 60 baada ya kutua. Kuna foleni ya uhamiaji na kuna mabegi. Mimi huacha saa tatu. Njia nyingine, ambayo wengi hawaijui: mashirika kadhaa ya ndege huuza tiketi ya treni pamoja na ya ndege, inaitwa *Rail&Fly*, na kwayo unapanda treni yoyote siku ya safari. Muulize wakala wakati unanunua tiketi ya ndege, siyo baada.

Ukiwa tayari uko Nürnberg, mambo ni mepesi. Bayreuth imo ndani ya VGN, mtandao wa usafiri wa eneo la Nürnberg, tangu mwaka 2010, maana yake tiketi ya VGN ya kutoka Nürnberg mpaka Bayreuth inakubalika pia kwenye mabasi ya mjini Bayreuth. Mkiwa wawili au familia, tazameni *TagesTicket Plus*: watu sita, kati yao wakubwa wasizidi wawili, na ikianza kutumika Jumamosi inafanya kazi mpaka Jumapili. Kwa safari za Bavaria nzima ipo *Bayern-Ticket*, ya watu mpaka watano, lakini siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi, na haikubaliki kwenye ICE wala IC, yaani treni za masafa marefu.

Anayekuja kukaa atazame *Deutschlandticket*. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, 2025 ikawa 58, 2026 ikawa 63. Inakupandisha treni zote za mkoa na mabasi ya mijini nchi nzima, ila ICE hapana. Ni ya kujiandikisha, inajikata yenyewe kila mwezi, na ukitaka kuisimamisha lazima useme kabla ya tarehe 10 ipite. Nimewaona watu wamerudi kwao na bado wanakatwa.

3. Soma saa kama wanavyozisoma wao.

Hili ni letu sisi, Waswahili. Tiketi imeandikwa 14:05. Hiyo ni saa nane na dakika tano mchana. Tunajua, ila mtu amelala masaa manne kwenye ndege, kichwa kinapiga hesabu ya kwetu, anajikuta amekosea. Acha saa ya simu isome kwa mfumo wa saa 24 na usitafsiri kabisa mpaka ufike.

Hatari zaidi ni mdomoni. Ukimuuliza mtu treni inaondoka saa ngapi akajibu "halb drei", utasikia *drei*, tatu, na *halb*, nusu, ukadhani ni 15:30. Siyo. Ni 14:30, yaani nusu ya kuelekea tatu. Kwetu ni saa nane na nusu. Ukija kwa hesabu yako utakuta jukwaa limefagiliwa.

Na kwenye ratiba za ukutani, karatasi ya njano ni ya kuondoka (*Abfahrt*), nyeupe ni ya kufika (*Ankunft*). Neno *werktags* ni Jumatatu hadi Jumamosi, siyo hadi Ijumaa. Jumapili na sikukuu zina ratiba yake, na treni hupungua.

4. Frankfurt: tafuta stesheni iliyo sahihi.

Uwanja wa Frankfurt una stesheni mbili. ICE zinaondoka *Fernbahnhof*, kwenye majukwaa namba 4 hadi 7. Ile ya chini, *Regionalbahnhof*, namba 1 hadi 3, ni ya treni za karibu. Zote mbili ziko upande wa Terminal 1. Ukishukia terminal nyingine, panda kwanza usafiri wa bure wa kukuvusha. Fuata vibao vya *Fernbahnhof* bila kuacha.

Umezoea SGR, Dar au Nairobi: unafika mapema, mizigo inapita kwenye mashine, unaonyesha kitambulisho, geti linafunguliwa. Huku hakuna geti, hakuna ukaguzi, hakuna anayekuita. Unashuka moja kwa moja kwenye jukwaa. Treni inakuja, inasimama dakika chache, inaondoka. Mkaguzi utakutana naye ndani.

Kwenye ICE si lazima uwe umelipia kiti, ila tazama kibao kidogo juu ya kiti au pembeni: kikionyesha majina ya miji, kiti kina mwenyewe kwa kipande hicho cha safari.

5. Nürnberg: jipe muda.

Mwaka 2024, katika kila treni 100 za masafa marefu za Ujerumani, ni kama 62 tu zilizofika kwa wakati. Sifa ya Wajerumani na saa iliishia zamani. Programu itakupangia kubadilisha treni kwa dakika nane, na itakuwa sahihi kwenye karatasi. Kwenye utafutaji weka muda wa kubadilisha uwe dakika 25 au zaidi, hasa kama una mabegi. Treni za Bayreuth huondoka karibu kila saa, kwa hiyo kuikosa moja si msiba, lakini saa moja ya baridi na njaa ni ndefu.

Namba ya jukwaa inaitwa *Gleis*. Usiiamini iliyo kwenye tiketi. Itazame tena kwenye ubao dakika kumi kabla, maana hubadilika.

6. Panda kipande sahihi cha treni.

Soma hapa mara mbili. Treni za mkoa kwenye reli hii huunganishwa: vipande viwili vinaondoka pamoja, kisha njiani vinaachana, kimoja kinakuja Bayreuth na kingine kinaelekea Marktredwitz au kwingineko. Kutoka Nürnberg, mahali pa kuachana huwa Pegnitz. Ukija kwa upande wa Bamberg na Lichtenfels, treni huachana Neuenmarkt-Wirsberg, kipande kimoja Bayreuth, kingine Hof. Unaona? Ni ileile historia ya 1848 na 1853 unaisafiria.

Mara yangu ya kwanza niliingia mlango uliokuwa karibu, nikakaa, nikalala. Nikaamshwa na mlima wenye miti ambayo sikuitarajia. Tangazo lilikuwa limetolewa, tena zaidi ya mara moja; mimi ndiye niliyekuwa nalikoromea.

Fanya hivi:

- Tazama ubao wa jukwaani. Utaonyesha herufi za sehemu za jukwaa, A, B, C na kuendelea, na mji ambao kila kipande kinakwenda.
- Simama kwenye herufi zako.
- Kabla ya kupanda, soma jina la mji ubavuni mwa behewa lenyewe, karibu na mlango. Hilo ndilo neno la mwisho.
- Ukishakaa, muulize jirani: "Bayreuth?" Neno hilo moja linatosha.

Usijidanganye kwamba utatembea kwa ndani kwenda kipande kingine. Vipande viwili vya namna hii kwa kawaida havina njia ya kupita kati yao. Ukigundua umekosea, shuka stesheni inayofuata na ukimbilie kipande kingine kwa nje, kabla hamjafika pa kuachania.

7. Njiani.

Reli hii haina umeme, ndiyo maana utasikia injini ya dizeli ikinguruma chini ya miguu. Wajerumani wenyewe huliita eneo hili kisiwa cha dizeli. Kati ya Hersbruck na Neuhaus treni hufuata bonde la mto Pegnitz, inapita mahandaki saba na madaraja mengi, na behewa za aina inayotumika hapa hujilaza kwenye kona ili zisipunguze mwendo. Ni nzuri kutazama. Kwa mwenye tumbo jepesi, asile sana Nürnberg.

Milango haijifungui yenyewe: bonyeza kitufe. Kwenye treni ndogo za kampuni ya agilis, zinazohudumia njia za pembeni kama ile ya Weidenberg, vituo vingine vidogo treni haisimami mpaka abiria abonyeze kengele, kama daladala.

8. Umefika Bayreuth Hbf.

Hbf ni kifupi cha *Hauptbahnhof*, stesheni kuu. Usitishwe na neno "kuu". Ni stesheni ya mji mdogo: mashine za tiketi, dirisha la huduma, ubao wa ratiba, mahali pa kununua mkate na kahawa. Dirisha la huduma usilitegemee jioni wala Jumapili. Mashine ndiyo inayokesha.

Ukitoka nje kupitia jengo kuu, kumbuka kitu kimoja: mji uko mteremkoni, jumba la opera la mtunzi Wagner liko mlimani. Ukishuka kwa Bahnhofstraße kuelekea kusini unafika katikati ya mji kwa kama dakika kumi kwa mguu. Huko kuna ZOH, kituo ambako mabasi yote ya mjini hukutana, kwenye Hohenzollernring. Chuo kikuu kiko upande wa pili kabisa, kusini, zaidi ya kilomita tatu kutoka stesheni, kwa hiyo na mabegi usitembee. Panda basi mpaka ZOH, kisha basi la chuo. Tafuta neno *Uni* kwenye kibao cha mbele. Kama tiketi yako ya treni imeandikwa *+City* pembeni ya Bayreuth, basi limelipiwa. Kama haikuandikwa, na huna VGN wala Deutschlandticket, kata ya basi.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kuja mwishoni mwa Julai au Agosti bila kukata hoteli. Huo ni msimu wa tamasha la opera za Wagner, linaloanza kwa kawaida tarehe 25 Julai, na vyumba vya mji mzima huwa vimeshachukuliwa miezi mingi kabla.

Kupanda ICE kwa Deutschlandticket kwa sababu "treni ni treni". Faini huanzia euro 60 na mkaguzi ameshasikia visingizio vyote.

Kununua tiketi ya karatasi ambayo imeandikwa *Bitte entwerten* na kuitia mfukoni. Lazima uigonge muhuri kwenye kile kisanduku kidogo kabla ya kupanda. Bila muhuri, ni kama huna.

Kuwa dakika moja kabla. Milango hufungwa kabla ya saa ya kuondoka. Ukifika jukwaani saa hiyohiyo, utaiona treni ikikuaga.

Ukiwa na saa ya kungoja

Watu hulalamika kwamba stesheni haina cha kutazama. Inacho, ila lazima ujue unatazama nini. Jengo unaloliona ni la mwaka 1879. Kabla yake kulikuwa na reli za wenyewe wawili, serikali na kampuni ya reli ya mashariki, na hadithi ninayoipenda ni ya wakati huo.

Agosti 1876 Richard Wagner alifungua jumba lake la opera juu ya kilima, na mji wa pembeni ukawa ghafla unapokea Kaisari Wilhelm wa Kwanza wa Ujerumani na Kaisari Pedro wa Pili wa Brazil. Reli ya mkato kutoka Nürnberg ilikuwa bado. Ilifika mwaka mmoja baadaye, wageni wakiwa wameshazunguka. Mgeni aliyetoa fedha nyingi, Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria, alikuwa hapendi watu. Watu walimngojea stesheni kumshangilia. Yeye akaamuru treni yake isimame usiku kwenye kibanda cha mlinzi wa reli huko Rollwenzelei, nje ya mji, Wagner akamchukua hapo kwa gari la farasi. Stesheni ikabaki na mapambo yake.

Aprili 1945 mabomu yaliupiga mji mara tatu kwa siku chache, na eneo la stesheni likaumia. Kwa hiyo usishangae kuona ya kale na ya kisasa yamesimama bega kwa bega.

Ukitaka kuliona jumba la Wagner, toka stesheni na upande kuelekea kaskazini. Ni kama dakika 15, na mlima unausikia magotini.

Na ukiwa na nusu siku, panda treni mpaka Neuenmarkt-Wirsberg. Hapo ndipo mlima wenyewe ulioiacha Bayreuth pembeni: *Schiefe Ebene*, karibu kilomita saba za reli zinazopanda mita 158 mpaka Marktschorgast. Enzi za mvuke, treni nzito zilisukumwa kwa nyuma na injini ya pili ili zifike juu. Karakana ya zamani ya injini sasa ni makumbusho ya garimoshi. Peleka watoto, wataomba kurudi.

Mambo yakiharibika

*ICE imechelewa, treni ya Bayreuth imeniacha.* Usinunue tiketi mpya. Kama ni tiketi moja na ucheleweshaji wa kufika unatarajiwa kuwa dakika 20 au zaidi, kile kifungo cha kupanda treni ileile kinafunguka, panda inayofuata. Ukifika ukiwa umechelewa dakika 60, unadai asilimia 25 ya nauli. 120, asilimia 50. Dai kwa programu au kwa fomu. Piga picha ya ubao.

*Ubao umeandika "fällt aus".* Treni imefutwa. Tafuta inayofuata kwenye programu. Ukiona herufi *SEV*, kuna mabasi badala ya treni kwa kipande fulani, mara nyingi kwa sababu ya matengenezo ya reli. Mabasi hayo husimama nje ya stesheni, na yanakawia kuliko treni. Tazama hali ya njia siku moja kabla ya safari.

*Nimeamka nikiwa kipande kisicho changu, tumeshaachana.* Shuka stesheni ya kwanza ambayo treni inasimama. Ukiwa umeelekea Marktredwitz, omba iwe Kirchenlaibach, maana hapo kuna treni za kurudi Bayreuth. Mwone mkaguzi kabla hajakuona wewe, mweleze umekosea kipande. Wengi huelewa, si wewe wa kwanza wiki hiyo.

*Mashine inakataa kadi yangu.* Badilisha lugha, anza upya, ujaribu kwa PIN badala ya kugusisha. Ikikataa tena, tumia noti ndogo, au kata kwa simu kabla ya treni kuondoka. Usipande kwanza kwa nia ya kulipia ndani.

*Nina tiketi ya mwezi yenye jina langu lakini simu imezima.* Utaandikiwa faini, usibishane. Chukua karatasi, kisha ndani ya muda ulioandikwa humo uonyeshe kuwa siku hiyo ulikuwa nayo. Faini inashuka hadi euro 7.

*Nimefika usiku, mabasi yamekwisha.* Taksi huwa mbele ya stesheni treni za mwisho zinapoingia. Kama hakuna, piga. Unayempokea mgeni, usimwambie "utaniona tu hapo". Mwambie simama mbele ya mlango mkuu, upande wa mji, na uwe umefika wewe kwanza.